Kadi ya Shemeji: Kisa cha Pentium III na Sloti Iliyokataa

Shemeji yangu alinunua kadi ya picha ya kompyuta kwanza, akaja kuuliza baadaye. Simcheki, maana hata mimi nimeshafanya hivyo, na mara moja ilinigharimu zaidi yake.

Kompyuta yenyewe ni ya mnara, lile sanduku ambalo mtaani tunaliita CPU lote zima. Ilikuwa ya ofisi fulani Ulaya, ikaingia Dar na mitumba mingine miaka mingi iliyopita. Ndani ina prosesa ya Pentium III ya megahezi 800, RAM ya megabaiti 256, na diski inayonguruma kama mashine ya kusaga. Pembeni kuna skrini ya chogo ya inchi 17, ambayo dada yangu ameshaapa kuitoa nje si mara moja. Shemeji alitaka iwekwe Windows 98 ili acheze magemu aliyokuwa akiyacheza kwenye intaneti kafe moja Morogoro enzi za ujana wake. Aliyaandika kwenye karatasi: Prince of Persia, Need for Speed II SE, FIFA 99, Vice City.

Chini ya karatasi, kadi: GeForce 6600 GT ya AGP, ile sloti ya zamani ya kadi za picha, bado ndani ya boksi lake. Alimuuliza muuzaji, "Ipi ina nguvu kuliko AGP zote ulizonazo?" Muuzaji akamjibu kwa haki kabisa. Tatizo lilikuwa swali.

Tulifungua mnara, tukapuliza vumbi, nikashika kadi. Ikakataa kuingia. Shemeji akainama.

"Shem, mbona haishuki?"

"Haitashuka. Tafadhali usiisukume."

Hapa lazima nikae kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapochoma vitu. AGP ililetwa na Intel, na mazabodi, yaani bodi kuu za kompyuta, za kwanza kuitumia zilitoka 1997. Kadi za mwanzo ziliongea na mazabodi kwa volti 3.3. Toleo la pili likaleta volti 1.5, la tatu likashuka hadi 0.8. Ili watu wasichanganye, sloti iliwekewa jino na kadi ikakatiwa pengo. Jino likiwa karibu na bati la nyuma, pale zinapochomekwa nyaya, sloti ni ya volti 3.3. Likiwa upande wa mbali na bati, ni ya 1.5. Sloti isiyo na jino inapokea zote mbili, kisha inaiuliza kadi kupitia pini inayoitwa TYPEDET, halafu inatoa umeme unaofaa.

Mazabodi ya shemeji ina chipseti, yaani chipu zinazoiongoza bodi, ya Intel 440BX, ya 1998. Ni chipseti ninayoiheshimu, imara na isiyo na mbwembwe. Lakini haiulizi chochote. Inatoa 3.3, basi. Na 6600 GT, kadi ya mwishoni mwa 2004, haina pengo la 3.3. Jino lilikuwa linafanya kazi yake.

Siku iliyofuata tulipita Kariakoo, na fundi mmoja aliyekuwa amekaa kwenye kigoda akaiangalia kadi, akaigeuza, akasema bila wasiwasi wowote, "Kaka, hapo tunapitisha tupa kidogo tu, inaingia yenyewe." Shemeji akanitazama kwa matumaini. Nilimwambia fundi nashukuru, tutaona. Ni kweli ingeingia. Na mazabodi ingepeleka volti 3.3 kwenye milango ya chipu iliyotengenezwa ipokee 1.5. Tena kwenye kadi ile umeme huo ungekutana kwanza na chipu ya mkalimani, kwa sababu GPU ya 6600, chipu yake kuu ya kuchora, ilibuniwa kwa PCI Express, sloti iliyoirithi AGP, na kuna chipu ndogo kando yake inayotafsiri kwenda AGP. Kulikata pengo ni kumpa mlinzi usingizi ili mwizi apite.

Kinyume chake pia kipo, nikitaje kwa haraka. Zipo kadi za miaka ile zilizokatwa mapengo yote mawili ilhali zinajua 3.3 peke yake. Ukiichomeka ya namna hiyo kwenye mazabodi ya Pentium 4 ya volti 1.5, inaingia kwa ulaini, na mazabodi ndiyo inayoungua. Kwa hiyo pengo si ushahidi kamili. Soma jina la chipu, ujue umri wake.

Turudi kwenye karatasi. Nilimwambia shemeji tusahau kadi kwanza, anisimulie gemu moja moja.

Prince of Persia halikuwa na ugomvi. Ni gemu la DOS lenye picha ya pikseli 320 kwa 200, kadi yoyote yenye akili timamu inalichora. FIFA 99 nalo linatumia Direct3D, lugha ya Microsoft ambayo kadi zote za enzi hizo ziliifahamu. Vice City, lililotoka kwenye kompyuta Mei 2003, ndilo zito kuliko yote. Boksi lake linataka Pentium III ya 800 na kadi ya megabaiti 32, kwa hiyo mashine hii ilikuwa inagusa sakafu ya masharti.

Need for Speed II SE, la 1997, ndilo lililonikunisha kichwa. Toleo hili linajua njia mbili tu za kuchora. Ya kwanza, prosesa inachora kila kitu yenyewe na kadi inabeba picha tu hadi kwenye skrini. Ya pili ni Glide. Direct3D halina habari nayo. Na Glide ilikuwa lugha ya kampuni moja, 3dfx ya San Jose, California, iliyoanzishwa 1994 na kutikisa ulimwengu wa magemu mwaka 1996 kwa chipu yake ya Voodoo. Desemba 2000 ikatangazwa kwamba Nvidia, wenye GeForce, inanunua mali zake, na hapo ukoo ukakatika. Kadi ya Nvidia au ATI, hata iwe na nguvu ya trekta, haiongei Glide. Zipo programu za kutafsiri, lakini nyingi kati ya nzuri zimeandikwa kwa ajili ya Windows na kadi za miaka ya baadaye.

Nikapata hoja ambayo nilijivunia sana kwa wiki nzima. Nilimweleza shemeji hivi: gemu zito na gemu lenye masharti si kitu kimoja. Vice City ni zito, lakini laptopu ya binti yake inaliendesha bila kutoa jasho, na kompyuta yoyote ya kesho italiendesha. Need for Speed II SE ni jepesi kama unyoya, lakini ukilitaka katika sura yake bora unahitaji chipu ya kampuni iliyokufa. Kwa hiyo mashine ya zamani ichaguliwe kadi kwa ajili ya gemu lenye masharti, lile zito lipelekwe kwingine. Kadi ni Voodoo3 3000: megahezi 166, megabaiti 16, AGP ya volti 3.3, na kwa 440BX ni chanda na pete. Ina mapungufu, ndiyo. Magemu ya 3D inayachora kwa rangi za biti 16 tu, na kipande cha picha kinachobandikwa kwenye ukuta au gari hakiwezi kuzidi pikseli 256 kwa 256. Kwa gemu la 1997 hayo hayadhuru. Vice City lingebaki nje, maana megabaiti 16 si 32.

Shemeji akauliza kama hatuwezi kuwa na vyote. Tunaweza. Kuna Voodoo2, kadi ya sloti ya PCI, si AGP, inayochora 3D peke yake. Unaiweka pembeni ya kadi ya kawaida, waya mfupi wa VGA, ule wa kupeleka picha kwenye skrini, unatoka kwenye kadi ya kawaida kuingia kwenye Voodoo2, na Voodoo2 ndiyo inayokwenda kwenye skrini. Wapenzi wa mashine hizi wanaupenda mpangilio huo na sina vita nao. Lakini picha ya kila siku inapita kwenye waya wa ziada na inapoteza ukali kidogo, na zinakuwa kadi mbili za kuwinda badala ya moja, kwenye pawasaplai yenye umri wa kuoa. Nikasema hapana.

Nilimwandikia binamu yangu aliye Hamburg, mtu anayeamka Jumamosi alfajiri kwenda kwenye masoko ya vitu chakavu. Alijibu baada ya siku tatu, na picha na bei. Bei ilikuwa ya mbuzi wawili wa Idi, wakubwa. Nikamwambia asubiri kwanza.

Wakati tunasubiri, mashine ilihitaji kadi yoyote ili niweke Windows. Hapo ndipo tuliporudi Kariakoo, kwenye duka lenye ndoo. Kila aliyenunua vifaa vya mtumba anaijua ndoo hiyo: kadi zimelundikwa zikichubuana, kutu ya hewa ya chumvi kwenye mabati, feni zilizokwama. Tulichambua nusu saa. Nyingi zilikuwa TNT2 M64, kadi ya 1999 yenye jina la heshima na njia ya kumbukumbu ya biti 64 tu, nusu ya TNT2 yenyewe. Kulikuwa na GeForce FX 5200 mbili. Na GeForce4 MX 440 mbili.

Jina la MX 440 limedanganya watu wengi. Inaitwa GeForce4 na ilitoka Februari 2002 pamoja na GeForce4 Ti, lakini damu yake ni ya GeForce2. Haina zile programu ndogo za kuchora pikseli ambazo hata GeForce3 ya mwaka mmoja kabla ilikuwa nazo. Kwa mtu wa 2002 hilo lilikuwa jambo la kununa. Kwa karatasi ya shemeji halikuwa na maana yoyote, hakuna gemu hata moja pale lililozihitaji.

Zile MX mbili zilifanana sura, ila moja ilikuwa na chipu nne za kumbukumbu na nyingine nane, mbele na nyuma. Chipu hizo ndefu zenye miguu pande mbili, kwenye kadi za aina hii, nyingi hubeba biti 16 kila moja. Nne zinafanya njia ya biti 64, nane zinafanya 128. Nikachukua ile yenye chipu nane. Mapengo mawili, sawa. Nikaangalia vichwa vya kapasita, vyote bapa, hakuna kilichovimba. Feni ilikuwa imekufa, lakini chipu hii haina joto la kutisha, na zingine za aina yake ziliuzwa na bati la kupozea tupu. Muuzaji alitaka elfu ishirini, tukaishia kumi na mbili. Nyumbani nikasugua pini zake za dhahabu kwa ufutio wa shule hadi zikang'aa, nikaifunga feni ya zamani ya prosesa juu yake kwa vibano vya plastiki. Haipendezi, inapoza.

Niliweka draiva toleo 45.23. Nvidia waliendelea kutoa za Windows 98 hadi 81.98 mwishoni mwa 2005, ila hizo za mwisho zilitungwa kwa ajili ya kadi kubwa zaidi, na kwenye prosesa ya 800 sioni sababu ya kuibebesha mzigo usio wake. Kisha nikabadilisha skrini, kutoka kujichora upya mara 60 kwa sekunde kwenda 85, kwa sababu chogo kwenye 60 linapepesa kama taa ya tyubu inayotaka kufa na watu wanadhani kadi ni mbovu.

Nikaweka Need for Speed II SE, kwa njia ya prosesa, ili tu kujaribu kama sauti inatoka. Shemeji akavuta stuli. Akachagua McLaren F1 na barabara ya Outback, bila kuuliza vitufe viko wapi.

Nilianza kuomba radhi. "Shem, hii ni bila Glide bado. Ona kingo zimekatikakatika, na barabara ina vidoti. Voodoo ikifika—"

"Ndiyo hii," akasema.

"Hapana, itakuwa bora."

"Shem, nakwambia ndiyo hii. Pale kafe ilikuwa hivi hivi, na vidoti vyake."

Nilinyamaza, kwa sababu nilikuwa nimeona upumbavu wangu wote kwa pamoja. Kafe ile ilikuwa na mashine za ofisi za mtumba, kama hii hii. Mashine za ofisi zilikuja na chipu ya picha iliyobandikwa kwenye mazabodi, au kadi ndogo ya kuandikia barua. Nani alinunua Voodoo amwekee karani wa bima? Shemeji hajawahi kuiona Glide maishani mwake. Gari analolikumbuka lina kingo za ngazi. Nilimfungulia video kwenye simu, gemu lile lile likichorwa na Voodoo, barabara imelainishwa, vidoti hakuna. Aliangalia kwa adabu. "Nzuri," akasema. "Lakini hiyo ni nyingine."

Kwa hiyo hoja yangu ya gemu zito na gemu lenye masharti, ambayo bado naiona ni ya kweli, ilikuwa imejibu swali la mtu mwingine. Nilimuuliza shemeji anataka magemu gani. Sikumuuliza aliyachezea kwenye mashine ya namna gani. Aliyelelewa na Voodoo nyumbani kwao mwaka 1998 akirudishiwa vidoti ataona ameibiwa, na huyo ningempa Voodoo3 bila kufikiri mara mbili. Mtu wa kafe ya Morogoro ni kisa kingine, na naamini wengi wetu wa ukanda huu tumo humo.

Voodoo ikishatoka kwenye hesabu, kazi ya kadi inabadilika. Prosesa ndiyo inachora, kadi inapeleka picha. Basi kinachobaki ni picha yenyewe itokayo kwenye tundu la VGA, na hapo namba za megahezi hazisaidii. Kabla ishara haijafika kwenye tundu hilo inapita kwenye vichujio vidogo vilivyowekwa kuzuia mawimbi yasivuruge redio, na watengenezaji wa bei nafuu walitumia vichujio hafifu vinavyokula ukali wa herufi. Hii ni sifa ya aliyeunda bodi, si ya chipu. Nilirudi dukani nikaazima M64 moja na FX 5200 moja, nikazijaribu kwenye chogo lile lile kwa ukurasa mmoja wa maandishi, pikseli 1024 kwa 768. FX ilikuwa na kivuli upande wa kulia wa kila herufi. M64 ilikuwa safi kushinda zote, nakiri iliniuma. MX ilikuwa katikati, ukungu mdogo ambao ukishuka 800 kwa 600 huuoni. Na magemu ya karatasi ile yote yanachezwa 800 kwa 600 au chini yake.

Ilibaki kuamua kati ya M64 yenye picha safi na MX yenye nguvu. Vice City ndilo lililoamua, baada ya mimi kulifukuza wiki nzima. Kwenye MX linatembea. Linakwama kidogo ukiingia mtaa wenye magari mengi, halafu linaendelea. Nilijaribu 640 kwa 480, kisha 800 kwa 600, na mwendo haukubadilika hata chembe. Dalili hiyo ni ya kuiamini: ukiongeza pikseli na mwendo usishuke, anayechelewesha si kadi, ni prosesa. Nikaiweka FX 5200 kwa kuthibitisha, mwendo ule ule. Hata 6600 GT, ingekuwa imeweza kuingia, ingekaa pale ikimsubiri Pentium. Kwenye M64, mtaa huo huo, nilipofika 800 kwa 600 kadi ndiyo iliyoanza kuchoka.

MX 440 ikabaki, elfu kumi na mbili na ile feni ya kufungwa.

Nilimwandikia binamu Hamburg aiache Voodoo. Akasema amechelewa kuniambia, ameshainunua, lakini nisijali, ni yake. Utotoni alikuwa na jirani mwenye Voodoo2, na alikuwa anaruhusiwa kucheza Jumapili tu. Siku hiyo hiyo alituma picha ya skrini yake, barabara imelainishwa.

Muuzaji wa 6600 GT hakurudisha pesa, ila alikubali kubadilishana: akatoa M64 moja ya akiba, maus ya mpira, nyaya mbili za VGA na spika. Aliigeuza ile kadi, akakagua pengo lake chini ya taa, akaona halijaguswa na tupa, akairudisha kwenye boksi.